Walinzi wa njia za intaneti wapimwe kabla ya kulipwa

Itakumbukwa kuwa jioni ya Juni 25, 2024, wakati vijana walipokuwa wamefurika katika barabara za Nairobi na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha, mawasiliano ya intaneti yalidorora ghafla nchini. Siku moja tu kabla ya hapo, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imewahakikishia wananchi kwamba haikuwa na nia yoyote ya kuuzima mtandao. Safaricom ikaeleza kuwa nyaya zake mbili za chini ya bahari zilikuwa zimepata hitilafu. Uganda na Burundi nako mawasiliano yakayumba. Wapo walioyasadiki maelezo hayo na wapo walioyakataa katakata, na hadi leo ubishi huo hufufuka kila yanapotajwa maandamano.

Sina nia ya kuuamua ubishi huo hapa. Linalonishughulisha ni kwamba ubishi wenyewe ulikuwa wa imani dhidi ya imani, ilhali zipo programu ambazo kazi yake usiku na mchana ni kuziangalia njia zinazounganisha mtandao mmoja na mwingine, na kuandika kila badiliko pamoja na saa yake. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa umma. Waliozisoma hadharani walikuwa wataalamu wa ng'ambo, na walizisoma wakiwa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Sisi wenyewe, wenye mtandao na wenye hasara, tulikuwa wapi?

Naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo, maana jambo hili halifundishwi shuleni na aghalabu hata wakuu wa mashirika wanaotia saini hundi za vifaa hawalielewi. Intaneti si mtandao mmoja. Ni mitandao zaidi ya 70,000, ya kampuni za simu, vyuo vikuu, benki na serikali, iliyokubaliana kupokezana mizigo. Kila mtandao una nambari yake na mafungu ya anwani zake. Kila mmoja huwatangazia majirani: anwani hizi ziko kwangu, anayetaka kuzifikia apitie hapa. Majirani nao hulisambaza tangazo hilo kwa majirani zao, hadi dunia nzima ipate kulisikia.

Mfano wake ni kituo cha matatu. Makanga husimama mlangoni akaita, "Kisumu! Kisumu!" Abiria hupanda kwa kuliamini neno lake, hakuna anayemdai leseni ya barabara kwanza. Siku akiita Kisumu naye anaishia Nakuru, abiria atayajua hayo akiwa Nakuru. Vivyo hivyo, mtandao ukitangaza anwani zisizo zake, majirani wasiochuja watamwamini, na mizigo ya watu itamiminika kusikohusika.

Itifaki inayotumika kutangazia njia hizo huitwa BGP. Ilibuniwa Januari 1989 mjini Austin, Texas, na wahandisi wawili, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, ambao waliichora wakati wa chakula cha mchana juu ya karatasi za kupangusia mikono. Wakati ule mitandao ilikuwa michache na wenyewe walijuana kwa majina. Leo njia zinazotangazwa kwa anwani za aina ya zamani pekee zimepita 900,000, lakini msingi ungali ule ule wa kuaminiana.

Madhara yake si ya kubuni. Mnamo Februari 24, 2008, shirika la simu la Pakistan lilitaka kuwazuia raia wa nchi hiyo kuitazama YouTube. Likajitangazia fungu dogo la anwani za YouTube ili kuzielekeza shimoni. Tangazo likamponyoka, likapenya hadi Hong Kong kupitia kampuni iliyokuwa ikimbeba, na kwa muda wa saa mbili hivi YouTube ikapotea sehemu nyingi za dunia. Aprili 24, 2018, wezi walizitangaza anwani za huduma ya majina ya Amazon, wakawapeleka wateja wa pochi moja ya sarafu za kidijitali kwenye tovuti bandia na kuwapora. Mwezi Novemba tarehe 12 mwaka uo huo ikawa zamu ya Afrika. Kampuni ya MainOne ya Nigeria ilikosea katika kurekebisha vichujio vyake, ikazimwaga njia za Google kwa China Telecom, na kwa dakika 74 mizigo mingi ya Google ikawa inazungushwa China na Urusi. Hapakuwa na jasusi wala njama. Ni fundi na kosa lake.

Ndiyo maana soko la programu za kulinda njia limechanua. Kuna zile za kulipiwa, zinazouzwa na kampuni kubwa pamoja na skrini za rangi zinazopendeza kuonyeshwa wageni. Kuna pia za bure. BGPalerter, kwa mfano, ilitengenezwa na wahandisi wa kampuni ya NTT na mtu yeyote anaweza kuiendesha kwenye tarakilishi yake mwenyewe. ARTEMIS ilibuniwa na watafiti wa taasisi ya FORTH ya Ugiriki pamoja na wenzao wa CAIDA huko California, nayo haikomei kwenye kupiga kamsa tu, bali inaweza pia kumsaidia mwenye anwani kujibu kwa kutangaza mafungu madogo zaidi ili kuirudisha mizigo nyumbani. RIPEstat humwonyesha yeyote historia ya fungu la anwani bila malipo. Cloudflare Radar na IODA ya chuo cha Georgia Tech nazo hutazama hali ya nchi nzima.

Mtu akiulizwa achague, aghalabu hutazama mambo mawili: bei na uzuri wa skrini. Yote mawili ni vipimo duni. Swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni hili: macho yako yako wapi?

Programu hizi haziioni dunia nzima kutoka mbinguni. Huona tu kile zinachopashwa na ruta zilizokubali kuzipasha, katika vituo maalumu vya kukusanya njia. Vituo mashuhuri vya umma ni vya mradi wa RouteViews wa Chuo Kikuu cha Oregon na vya RIS, mradi wa shirika la RIPE lenye makao yake Amsterdam. Vingi vimejaa Ulaya na Marekani. Matokeo yake ni kwamba tangazo la uongo linalosambaa duniani kote huonekana mara moja, bali lile linalobakia katika eneo letu, baina ya mtandao wa Nairobi na jirani yake wa Mombasa au Kampala, huenda lisionekane kabisa na mlinzi aliyeko Amsterdam. Kwake yeye kimya hicho ni amani. Nawe uliyemlipa utaletewa taarifa ya mwezi isemayo kuwa hapakutokea tukio lolote.

Hapa Kenya tuna bahati ambayo hatuithamini. Kituo chetu cha kubadilishana mizigo, KIXP, kilizinduliwa mwishoni mwa 2000 na watoaji huduma za intaneti wakiwa chini ya chama chao cha TESPOK, ili barua inayotoka Westlands kwenda Upper Hill isilazimike kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Setilaiti za aina ile zipo umbali wa kilomita 36,000 hivi, kwa hiyo kila safari ya kwenda na kurudi ilikula zaidi ya nusu sekunde, na aliyelipwa alikuwa mwenye setilaiti wa nchi za nje. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ikalalamika. Tume ya mawasiliano ikaamuru KIXP ifungwe kabla haijafikisha hata mwezi wa pili. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano mrefu. Ninayakumbusha hayo kwa sababu RouteViews wana kituo chao cha kukusanya njia pale pale KIXP. Yaani jicho la umma lipo Nairobi. Muuzaji asiyejua kama programu yake hulitumia jicho hilo hafai hata kupewa chai.

Swali la pili ni la upesi. Wizi wa Aprili 2018 ulidumu kama saa mbili. Programu inayosubiri kumbukumbu ziandikwe kisha ikazipakua baada ya robo saa imekwisha kumpa mwizi robo saa. Leo RIS hutoa mabadiliko papo kwa papo, na BGPalerter huyasoma namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye kutoza pesa nyingi hana udhuru wa kuwa mzito kuliko cha bure.

La tatu ni kamsa za bure, nalo nadhani ndilo linalodharauliwa zaidi. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Je, likilia mara mia kila siku? Njia za intaneti hubadilika kila sekunde kwa sababu za kawaida kabisa: fundi anazima ruta ili aisafishe, kampuni inahamia kwa mtoaji huduma mwingine, waya unakatwa na wachimbaji wa mtaro. Programu ipigayo kelele kwa kila badiliko huwafundisha mafundi kuipuuza. Kisha siku ya siku ujumbe wa kweli hufika katikati ya mingine mia mbili, na haufunguliwi. Afadhali mlinzi anayekosa tukio moja dogo kuliko yule aliyewazoeza watu kulala akiita. Najua wahandisi wengine hawatakubaliana nami juu ya hilo, wanaoamini kuwa heri kamsa kumi za uongo kuliko tukio moja lililopita kimya. Hao wana timu kubwa. Benki ya ushirika ya kaunti ina fundi mmoja, naye ndiye anayetengeneza printa.

Kuna dai jingine linalosikika sana siku hizi, kwamba aliyekwisha kutia sahihi njia zake kwa RPKI hana haja ya mlinzi. RPKI ni hati inayothibitisha kuwa fungu fulani la anwani lina haki ya kutangazwa na mtandao fulani, na ni jambo jema. Kila mtandao wa Kenya ungepaswa kuwa nayo. Lakini huthibitisha chanzo tu, haithibitishi njia nzima. Katika tukio la MainOne, chanzo kilichotajwa kilikuwa Google halisi. Kilichokosewa ni wapitishaji katikati, na hati ya chanzo isingepiga hata kelele moja. Fauka ya hayo, hati zenyewe zahitaji kulindwa. Januari 3, 2024 mhalifu aliingia katika akaunti ya Orange ya Uhispania huko RIPE kwa nywila dhaifu mno, akaandika hati za uongo, na mitandao iliyokuwa ikifuata sheria kwa uaminifu ikazikataa njia halali za kampuni hiyo. Kwa saa kadhaa wateja wake wakakosa huduma. Ulinzi wenyewe uligeuzwa silaha. Kwa hiyo programu ya kufaa ni ile inayoangalia njia na hati kwa pamoja, na kumwamsha mwenyewe zote mbili zinapoguswa.

Wala si anwani zinazotumika tu zinazohitaji kuangaliwa. Mwishoni mwa 2019 ilifichuliwa kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalikuwa yamehamishwa kwa ulaghai katika daftari la AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani za bara letu. Shamba lisilolimwa ndilo linalovamiwa. Taasisi nyingi za umma zina mafungu ya anwani zilizopewa miaka ya nyuma na kusahauliwa. Kuyaingiza katika orodha ya programu ya ulinzi ni kazi ya dakika chache.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokipendelea, maana hakihitaji kumwamini mtu. Kumbukumbu za njia za miaka mingi zimehifadhiwa na RouteViews na RIS, na zapatikana bure. Mwambie muuzaji aichukue siku ya Februari 24, 2008 na ile ya Novemba 12, 2018, aipitishe programu yake juu yake kana kwamba ni leo, naye akuonyeshe ingepiga kamsa dakika ya ngapi na kwa maneno gani. Asiyeweza kuliona tukio ambalo dunia nzima inalijua, ataliona lipi? Jaribio la pili ni la hapa nyumbani: kwa makubaliano na mtandao rafiki, mpe fungu la anwani zako zisizotumika alitangaze kwa nambari yake kwa muda mfupi, bila kumwambia muuzaji saa wala siku. Kisha keti ungoje simu. Ikiwa muuzaji anazuia jaribio hilo katika mkataba wake, umekwisha kupata jibu.

Na simu yenyewe itapitia wapi? Oktoba 4, 2021 Facebook ilijifuta yenyewe katika ramani ya intaneti kwa zaidi ya saa sita, kwa amri moja iliyokosewa wakati wa ukarabati. Njia za kuzifikia seva zake za majina ziliondolewa, na vifaa vya ndani ambavyo mafundi wangevitumia kurekebisha vilitegemea mtandao ule ule uliokufa. Kampuni yenye mali isiyohesabika ilijikuta imejifungia nje ya nyumba yake. Humu nchini ni jambo la kawaida programu ya ulinzi kuwekwa ndani ya jengo linalolindwa na kupeleka habari kwa barua-pepe ya jengo lilo hilo. Mlinzi wa namna hiyo hufa pamoja na mwenye nyumba. Itakiwe iwe nje, katika mtandao wa mtoaji mwingine, na kamsa ije kwa ujumbe mfupi wa simu, tena ya kampuni isiyo ile inayobeba intaneti yako.

Haifai pia kuzitarajia programu hizi zifanye lisilo kazi yake. Zinasoma matangazo ya njia. Hazisomi kinachopita njiani. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, mtandao wa Telegram ulizuiwa nchini wakati wa mitihani ya kitaifa. Barabara zilikuwa wazi, njia zote zikiendelea kutangazwa kama kawaida; kilichozuiwa ni abiria mmoja mlangoni. Programu ya kuangalia njia isingekuwa na la kusema. Anayekuuzia akidai kuwa ataiona kila hila ya mtandao anakudanganya, na vipimo vya aina nyingine vinahitajika kwa kazi hiyo.

Hata hivyo ni kinga kubwa dhidi ya porojo. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, habari zake zilithibitishwa haraka, kwa kuwa kila aliyetazama alishuhudia mizigo ikipungua katika nchi kadhaa kwa mpigo na mitandao ikitafuta njia mbadala. Wiki sita baadaye, Juni, tulihitaji ushahidi wa namna hiyo uliotolewa na Wakenya, kwa Kiswahili na Kiingereza, saa ile ile. Njia zilifutwa au zilibaki? Zilizobaki zilipitia waya upi? Mizigo ilipungua kwa mitandao yote au kwa michache? Maswali hayo yana majibu yanayoandikwa na mashine, na msemaji wa kampuni au wa serikali angelazimika kuyazungumzia.

Kwa maoni yangu, basi, Mamlaka ya Mawasiliano ingefaa kuweka katika masharti ya leseni kwamba kila mtoaji huduma mkubwa aziunganishe ruta zake na kituo cha umma cha kukusanya njia, na kwamba baada ya kila hitilafu ya kitaifa achapishe kumbukumbu za njia zake za siku hiyo katika muda wa siku saba. Wapo watakaosema hizo ni siri za biashara. Siri ipi? Njia hutangazwa kwa dunia nzima. Bila kutangazwa haifanyi kazi. Kinachofichwa ni uzembe tu.

Na kwa mashirika ya umma yatakayotangaza zabuni za programu hizi, ningependa kuona fedha zikigawanywa kinyume na tulivyozoea. Badala ya leseni ya mamilioni na mafunzo ya siku mbili hotelini Naivasha, chukueni programu ya bure iliyopita majaribio niliyoyataja, na pesa zilizosalia muwalipe mafundi wawili wa zamu ya usiku walioielewa BGP sawasawa. Vijana hao wapo. Vyuo vyetu vimewafundisha, na wengi wao wanaifanya kazi hii leo kwa ajili ya kampuni za Dubai na London wakiwa wamekaa Ruiru.

Wakati huo, mtandao wowote uliopo KIXP ambao haujakiunganisha kituo cha RouteViews na ruta zake unaweza kuomba wiki hii. Ada haitozwi, na kazi yenyewe ni mistari michache ya kuandika katika ruta.